Jiko Lililovikwa Kitambaa

Shule niliiacha darasa la tatu na sijawahi kurudi kuiomba msamaha. Nilichukua nyundo, nikaenda kuchonga mawe. Nikajenga nyumba za watu, kisha zangu, kisha nikafungua duka la vifaa vya ujenzi pale Gatitu, ambalo leo linaendeshwa na watoto wangu, wale wale wanaonifundisha namna ya kuendesha duka. Nasema haya mapema ili ujue unazungumza na nani. Naandika kwa sababu vikundi vya kusaidia watu vimejaa kila mahali siku hizi, na wengi walio humo wanatoa, wanapiga picha, wanarudi nyumbani kula.

Kutoa ni moyo, wanasema. Ni kweli. Lakini moyo hauna macho.

Mama yetu alipikia mafiga matatu, huko Wamagana, katika jikoni iliyosimama peke yake nyuma ya nyumba. Kuta zilikuwa za mbao mbovu zilizozibwa kwa udongo, na masizi yalining'inia kwenye paa kama ndevu. Juu ya moto kulikuwa na itara, ile dari ya fito ambayo juu yake mahindi ya mbegu na kuni mbichi zilikaushwa na moshi. Mwezi wa saba, ukungu unaposhuka kutoka Nyandarua na kukalia mashamba ya chai mpaka saa sita mchana, hiyo ndiyo ilikuwa sehemu pekee duniani yenye joto. Tuliketi humo tukiwa wadogo, mgongo baridi, magoti yakiungua, tukingoja kiazi kitoke majivuni. Sijawahi kula tena kiazi kama kile. Nimekula hotelini, nimekula kwenye harusi za matajiri. Hakuna.

Kisha nikatahiriwa. Kwetu siku hiyo ndiyo unayofukuzwa kwenye joto. Mwanamume mzima haketi jikoni. Chakula kitakufuata ulipo. Ukionekana unachungulia chungu, wanawake wa ukingo mzima, kilima chetu chote, watakupa jina, na jina hilo litakuzika.

Mama alikufa kwa kifua. Wakati huo tulisema "kifua" tukanyamaza. Aliyemtunza mpaka mwisho ni dada yangu, mkubwa wangu, ambaye ndoa yake ilivunjika akarudi nyumbani. Mama alipokwenda, dada alibaki na jikoni ile, na mafiga yale, na miaka ilivyopita akaanza kukohoa kikohozi kile kile. Nilimpeleka hospitali Nyeri mjini. Daktari, kijana mpole, aliniita pembeni.

"Mzee, huyu mama hajawahi kuvuta sigara?"

"Hata ugoro."

"Basi ni moshi wa jikoni. Ukiendelea, kifua chake hakitamfikisha mbali."

Nilirudi nyumbani nikihesabu. Katika wote tuliozaliwa na mama, tulikuwa tumebaki wawili.

Mimi nikiona ubaya siandiki barua, najenga. Nikakusanya wazee wenzangu, watu waliofanya kazi wakapata, tukaanzisha kikundi cha kuwajengea mama wazee majiko ya mawe yenye bomba la moshi. Mfanyabiashara mmoja wa mjini, Mwislamu tunayejuana tangu ujana, akatoa mabomba. Wengine wakatoa saruji. Mawe yalikuwa yangu. Dada yangu alikuwa wa kwanza. Tukamjengea jiko pembeni mwa jikoni ile ile, tukapaka, tukaomba, tukapiga makofi, tukanywa chai uani. Kisha jirani yake, kisha jirani ya jirani. Ukingo mzima ukaota mabomba.

Katibu wetu alikuwa mwalimu mstaafu, mama wa kutoka Kakamega aliyefundisha huku miaka mingi mpaka kwao wakamsahau. Tulimchukua kwa sababu anajua kuandika vizuri, na kwa sababu, nisiseme uongo, tulidhani atanyamaza. Siku moja tukiwa mkutanoni nyuma ya duka langu akaweka kikombe chini.

"Mzee mwenyekiti, tumejenga majiko. Sasa tumepata nini?"

"Tumepata majiko."

"Hayo tumetoa. Nauliza tumepata nini."

"Mwalimu, wewe ukimpa ng'ombe majani unamuuliza amepata nini?"

"Hapana. Natafuta maziwa."

Wazee wakacheka, na hawakumcheka yeye. Nikasema basi aeleze vizuri, tusitegane. Akaniuliza tulitaka nini siku ya kwanza. Nikasema tulitaka kina mama wapumue.

"Basi tuangalie pumzi," akasema. "Kila mwezi tunasomeana majiko, majiko. Jiko halikohoi."

"Ati unataka nisimame mlangoni kwa mtu nisikilize akipumua?"

"Ikibidi."

Nilikasirika. Kazi yangu yote maishani ilikuwa ya kuonekana. Ukuta umesimama au umeanguka, hakuna cha kuulizana. Lakini kwa kuwa nilijua majiko yetu ni mazuri, nikasema twende tukaone, wote, ili mwalimu atulie. Tukatuma salamu kwa kina mama kwamba kamati inakuja.

Tukaja. Ilikuwa furaha. Kila bomba lilikuwa likitoa moshi mwembamba, safi. Kila boma chai, kila boma nduma, tukikaribishwa uani kwenye viti vya sebuleni vilivyotolewa nje kwa ajili yetu. Dada yangu alivaa leso mpya akatuombea. Nilishuka ukingo ule nikiwa nimenyooka kama kijana.

"Sasa umeridhika, mwalimu?"

"Nimeshiba."

"Hilo si jibu."

"Ndilo nililo nalo. Mzee, hata mimi ukinitumia salamu unakuja, utakuta nimefagia mpaka chini ya kitanda. Kuna mmoja kati yenu aliyeingia jikoni leo?"

Mzee mmoja alianza kusafisha fimbo yake kwa majani.

"Ukiniacha mimi, kamati nzima ni wanaume," mwalimu akasema, "na majiko yote yako mahali ambapo wanaume hawaketi. Mimi ni mgeni kwa mila zenu, sizisemi vibaya. Nauliza tu, nani ataniambia kinachoendelea humo?"

Nikamwambia mbona yeye asiingie, yeye ni mwanamke. Akasema aliomba, akaambiwa kwa heshima mgeni haketishwi kwenye masizi.

Mwezi wa saba ukafika na baridi yake. Asubuhi moja nilimpelekea dada unga na sukari, bila kutuma salamu, maana kwa dada yako huombi ruhusa. Nikiwa juu kwenye njia, kabla ya kuteremka bomani, niliona. Paa lote la jikoni lilikuwa likifuka, moshi ukitoka kila tundu la mabati. Bomba langu lilikuwa limesimama katikati ya moshi ule likiwa kavu, kama mgeni ambaye hakuna aliyemsalimu.

Nikasimama mlangoni, kama inavyotakiwa, nikabisha hodi. Mimi na dada tunaongea Kikuyu. Hapa naweka kwa Kiswahili.

"Nani huyo?"

"Ni mimi."

"Ingia, au ubaki huko na baridi yako."

Nikaingia. Tangu utoto wangu sikuwa nimeingia humo moto ukiwaka. Siku ya kujenga tulikuta pamefagiwa, mafiga yametolewa, pamekuwa kama chumba chochote. Sasa macho yaliniwasha mara moja. Mafiga yalikuwa katikati, mahali pake pa zamani, chungu cha githeri, mahindi na maharagwe, juu, vijiti vya kahawa vikiwaka chini. Na pembeni, jiko langu. Lilikuwa limefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, kile cha kuwekwa kwenye makochi wageni wakija, na juu ya kitambaa kulikuwa na redio na chupa ya chai.

"Dada, hii ni nini?"

"Githeri. Umesahau inavyofanana?"

"Nauliza jiko!"

"Liko hapo, sijaliuza."

"Umelivika nguo."

"Ulitaka lishike vumbi? Kitu cha mwenyekiti?" Akavuta kigoda kwa mguu. "Keti, mwana wa mama. Unanizibia mlango na huo mwili."

Nikaketi. Wee! Magoti yakapata moto, mgongo ukabaki na baridi, na miaka yote ile ikaja ikaniketia mapajani. Harufu ile. Sauti ya maharagwe yakigongana chunguni. Juu, itara ile ile, na mahindi ya mbegu yamefungwa mawili mawili kama alivyoyafunga mama. Dada akachokoa majivu kwa kijiti, akatoa kiazi, akanirushia bila kuonya. Nikakirusha mkono huu, mkono ule.

"Ona mikono ya tajiri!" akasema, akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi.

Hapo ndipo nilikisikia. Uani, mbele ya watu, alikuwa akikimeza. Hapa alishika nguzo kwa mikono miwili na mgongo ukapanda na kushuka, na nilipodhani kimekwisha kikaanza tena. Nilikuwa nimekisikia kikohozi hicho kwa mama, hapo hapo, karibu na nguzo hiyo hiyo, nikiwa nje ya mlango, kijana wa kuogopa kuitwa mchungulia chungu. Nikaweka kiazi chini.

Alipopata sauti alinieleza, tena bila haya. Alisema jiko langu linapika vizuri, hana neno. Chai inachemka kabla hujatafuta kikombe.

"Lakini joto lote linapanda kwenye hilo bomba linaenda kumpasha Mungu. Mimi nabaki hapa natetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Mahindi yangu yatakauka wapi? Kuni je? Na kiazi, nitakichomea wapi, mfukoni?"

"Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza? Ulikuja na mafundi, ukasema dada nimekuletea jiko, watu wakapiga makofi. Nikuaibishe mbele ya wazee wako?"

"Na majirani?"

"Nenda ukaone vitambaa," akasema. "Wengine wamefuma vizuri kuliko mimi."

Nilimwambia mwalimu siku hiyo hiyo. Nilingoja acheke. Hakucheka. Alisema tumebahatika kujua mapema, kwa sababu tulikuwa tumeshakubaliana kujenga mengine kule karibu na Mweiga, ambako baridi ni kali kuliko yetu, na tungefunika bidii yetu yote kwa vitambaa vya kufuma.

Akasema tuanze mwanzo. Jiwe lisiguswe kwanza. Tuseme tunataka nini kibadilike, kwa nani, na tutakijuaje kikibadilika. Tena kina mama wenyewe wachague wawili kati yao wawe kwenye kamati, hao ndio watakaoingia jikoni wakati wowote, kuomba chumvi tu, kama majirani wanavyoingiliana. Wazee wawili walinuna. Mimi nilisema atakayenuna na anune akiwa amekaa.

Lakini lililonishinda nguvu ni swali alilotunga. Nilidhani atawauliza kama wanakohoa sana au kidogo, na hapo watu wazima wanajibu tu wanachodhani unataka. Yeye aliketi na kila mama karibu na mafiga yake, sasa akiwa ameruhusiwa, akauliza, "Huu moshi umekunyang'anya nini?"

Mmoja akasema kulala chali. Halali ila ameketi. Mwingine akasema kumbeba mjukuu mgongoni. Mwingine akasema macho ya kutia uzi kwenye sindano. Dada yangu, nilikuwepo, alisukuma kijiti motoni kwanza.

"Kuita," akasema.

Mwalimu hakuelewa, ikabidi nieleze. Nchi yetu ni ya kingo na mabonde. Ukingo mmoja huku, mto chini, ukingo mwingine ng'ambo, na mtu wa ng'ambo unamwona akifua nguo lakini ukitaka kumfikia ni nusu asubuhi ya kuteremka na kupanda. Kwa hiyo watu waliitana. Ulisimama kwenye kona ya shamba, mikono mdomoni, ukavuta neno refu likavuka mto. Habari za waliozaliwa, za ng'ombe aliyepotea, za moto nani anao, zote zilipita hewani na kila mtu kwenye bonde alipata fungu lake. Dada yangu na mwanamke mmoja wa rika lake aliye ng'ambo walikuwa maarufu. Kila asubuhi walianza kwa kutukanana. Tulikuwa tukichunga mbuzi tukicheka mpaka tunakaa chini. Ukingo uliamka kwa sauti zao kabla ya jogoo kumaliza. Leo ukisimama pale asubuhi utasikia pikipiki.

"Lakini una simu," nikamwambia dada. "Mimi ndiye nilikununulia."

"Tukitukanana kwa simu, nani atacheka?"

Mwalimu akaandika. Nje nikamuuliza hiyo ni ripoti ya namna gani, mama ameita ng'ambo, mama hajaita. Watu wa mjini wanaotupatia mabomba wataona tumerukwa na akili.

"Unajua kipimo kingine cha pumzi yake kilicho kizuri kuliko hicho?"

Nilifikiri kwa bidii, maana nilitaka sana kumshinda. Nikaacha aandike.

Jambo moja tulibishana mpaka nikagonga meza. Alitaka wale ambao zamu yao haijafika waulizwe maswali yale yale. Nikasema ni ukatili, unamuuliza mtu anaumwa wapi na humpi kitu. Akasema, "Mzee, mawe yako hayatoshi wote msimu huu, watangoja vyovyote. Baridi ikiisha kila mtu atakohoa kidogo. Bila hao, utajuaje kama ni jiko au ni jua?" Nikasema sawa, lakini anayengoja aambiwe anangoja kwa nini, asifichwe. Hilo alikubali mara moja.

Ndipo tukajenga. Dada alikuwa ametaka mahali pa kuketi penye joto, basi tukampa. Moshi ukitoka kwenye jiko usipande moja kwa moja. Upite kwanza ndani ya benchi la mawe, uache joto lake humo, ndipo uende kwenye bomba. Juu ya benchi tukatundika itara mpya. La kwanza lilikataa. Moshi ulifika katikati ya benchi ukabadili nia, ukarudi, na dada akatufukuza na mwiko, fundi na mwenyekiti pamoja. Tukabomoa, tukainua njia ya moshi, tukaondoa kona. Likavuta. Dada akaketi, akangoja, uso hauna kitu.

"Linapasha matako," akasema mwishoni. "Sasa umejenga."

Sitaki udhani mambo yalikuwa asali. Mama mmoja alikataa kabisa, akarudi kwenye mafiga, na benchi lake leo linatagiwa na kuku. Niliomba mwalimu aliruke hilo kwenye ripoti. Akasema kuku nao wameshaingia. Mwingine alizidi kuumwa, jiko au si jiko. Na wazee wawili walionuna hawajarudi. Wanasema kikundi kimekuwa shule.

Baridi ilipita, na mvua za vuli, na tukavuka mto kwenda ng'ambo kuwajengea wa upande ule. Nilipanga mwenyewe tuanzie kwa nani. Yule wa rika la dada yangu sasa ni mama mfupi asiye na meno ya mbele, mwenye maneno. Asubuhi hiyo nilikuwa kwenye mchanga nje ya jikoni yake nikichagua mawe, mwalimu yuko kwenye kigoda na chai, ukungu umeanza kuinuka kutoka mtoni.

Sauti ikaja. Kwanza ilikuwa nyembamba, nikadhani ni mtoto. Kisha ikaja tena, ndefu, imevutwa kutoka tumboni, ikavuka bonde lote na kutua kwenye uwanja ule.

"Weeee wa ng'ambooo! Huyo fundi wako ni mviiivu! Umempa chai mapema!"

Mama yule mfupi akaacha ndoo ikaanguka. Akakimbia, namna anavyoweza kukimbia, mpaka kwenye kona ya shamba, akaweka mikono mdomoni.

"Bado hujafaaa? Tulishagawana mbuzi zako!"

Watu wakatoka majumbani. Pale chini, karibu na mto, mtu fulani ambaye hatukumwona alipasua kicheko. Ng'ambo ikajibu kitu ambacho sitakiandika. Kisha ikafuata ile sauti nyingine, kikohozi, kidogo lakini kilivuka nacho.

Nikamtazama mwalimu.

"Amekohoa," akasema.

"Nimesikia."

"Na anakunywa dawa za hospitali, na jua limetoka siku nyingi. Nitaandika yote, mzee. Siwezi kuandika jiko peke yake."

"Andika yote."

Kikohozi kilikuwa kifupi. Nilingoja kianze tena, kama kile cha jikoni, kama cha mama. Hakikuanza. Nikasimama na mimi, nikafuta mikono kwenye suruali, nikaenda kwenye kona ya shamba karibu na mama yule, nikavuta pumzi ya mwanamume aliyechonga mawe maisha yake yote, nikaita jina la dada yangu. Sauti yangu ilifika mtoni ikaanguka.

Kisha kutoka ng'ambo, wazi, bila haraka:

"Nani huyo analiiiaaa? Mpeni ujiii!"